Makame kaitwa Mbweni

*Kikundi: Watoto wa Mzee Ame, Nungwi*

Mwanaisha: Assalaam aleykum jamani. Makame kapata nafasi ya uuguzi, chuo cha afya Mbweni 🎉

Shangazi Mwaka: Wa aleykum salaam. Mashallah mwanangu! Allah akuongoze.

Ami Haji: Hongera. Na chombo cha watu pale pwani je? Mbao zishapigwa, kalafati ya kuziba mianya bado upande mzima. Mie na kaka tuna mikono minne tu.

Khamis: Uuguzi si kazi ya dada zetu hiyo? 😅

Mwanaisha: Khamis, ulipovunjika mguu nani alikuwa akikugeuza na kukuosha? Mwanamme yule.

Khamis: Nimenyamaza.

Mwanaisha: Na tuseme kweli, mbao ghali, na boti za faiba ndo hizo zinaingia.

Ami Haji: Faiba ikitoboka wanarudi kwetu. Sikilizeni, mie sina ubaya na uuguzi. Nasema fundi hapatikani chuoni. Sisi hatuchori chombo kwenye karatasi, tunakiona kwa jicho, na jicho hilo mtu hulipata kwa kukaa na tezo mbele ya mzee wake. Kisha mnasema anakwenda kuhudumia watu. Kwani sisi tunahudumia nani? Mvuvi akenda bahari kuu roho yake imo katika pamba nilomtilia mie kwenye mwanya wa mbao.

Shangazi Mwaka: Hapo Haji kasema.

Makame: Shikamoo ami, shikamoo shangazi. La pamba ni kweli, sibishi. Lakini mnakumbuka Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama usiku ikenda Pemba. Baba na wewe ami mlitoa mashua. Mie nilikuwa darasa la pili, nikabaki pwani na mama. Nyie mliona bahari, mie niliona mchanga. Watu wanashushwa wanatetemeka, sisi tuna kanga na chai tu. Mmoja kalazwa hapumui, wakawa wanambana tumbo atoe maji. Juzi kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza tumeambiwa tumbo lisibanwe. Unaanza kumpulizia pumzi, halafu unabonyeza kifua mara 30, pumzi 2, tena 30, huachi mpaka msaada ufike. Pale tulipokuwa sisi hapana aliyelijua hilo. Hiyo ndo sababu yangu, sina nyengine.

Ami Haji: _Ujumbe huu umefutwa_

Shangazi Mwaka: Haji, andika tu, usifute.

Ami Haji: Yule wa mchangani nilimtoa majini mie.

Mwanaisha: Allah awarehemu wote.

Shangazi Mwaka: Amin.

Khamis: Mzee Pandu mwenyewe kasemaje? Tiki za buluu naziona.

Shangazi Mwaka: Kaka muacheni, kidole chake kimoja kinabonyeza herufi tatu.

Baba Pandu: Nipo. Ada kiasi gani

Makame: Barua nimeipiga picha baba, nimekutumia pembeni.

Baba Pandu: Nimeiona. Mwenye chombo akitoa fungu la mwisho inalipwa. Bamvua ijayo maji yakijaa tunashua. Kalafati ya upande wa bara umalize wewe kisha upande daladala ya 116 uende zako

Ami Haji: Na likizo?

Baba Pandu: Likizo yuko pwani. Hajasamehewa

Makame: Nimekubali baba. Na kesho alfajiri niko kwenye chombo.

Ami Haji: Uje na mafuta, yamekwisha.

Shangazi Mwaka: Haya, sasa mambo ya safari. Mie natoa godoro na shuka. Khamis?

Khamis: Sare juu yangu, kufidia maneno.

Mwanaisha: Ndoo, pasi na chandarua kwangu.

Shangazi Mwaka: Haji?

Shangazi Mwaka: Hajiii

Ami Haji: Huku mtandao haushiki dada

Shangazi Mwaka: Na huo ujumbe umeuleta kwa ngalawa?