Kitabu cha 10 cha The Wheel of Time kimenikata stimu kabisa, niendelee au niishie hapa?

msomaji_wa_usiku:
Wakuu habari zenu. Naomba mliosoma The Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya za kifantasia wa Robert Jordan, mnisaidie mawazo, ila tafadhali sana msinitajie mwisho maana sijafika huko. Na wewe ambaye hujafika kitabu cha 10 usisome chini ya hapa.

Nilianza kitabu cha kwanza mwaka jana na sijawahi kuipenda hadithi namna hii. Vijana wa kijijini wanatolewa kwao usiku, mmoja anakuja kugundua kwamba yeye ndiye aliyetabiriwa kupambana na Giza lenyewe, halafu nguvu anayotakiwa kuitumia ina sumu, mwanaume yeyote anayeitumia mwisho wake ni wazimu. Hapo ndo nilipokamatwa mimi. Kila huyo kijana, Rand, akishika ile nguvu nilikuwa naogopa kama vile ni ndugu yangu wa tumbo moja. Vitabu tisa nimevipiga mfululizo, cha 8 kilikuwa kinajikokota nikavumilia, Mat, mmoja wa wale vijana, haonekani humo hata ukurasa mmoja nikavumilia pia, maana nilikuwa nahisi kuna kitu kinakuja.

Na kweli kikaja. Mwisho wa kitabu cha 9, Winter's Heart, Rand na Nynaeve, yule mganga wa kijijini kwao, wanaisafisha ile sumu. Sumu ya miaka zaidi ya elfu tatu wakuu! Zile kurasa za mwisho nilizisoma nimesimama, nikimaliza narudi nazisoma tena.

Basi nikafungua cha 10, Crossroads of Twilight, nina maswali yangu kifuani, wale wanaume walioanza kuchanganyikiwa itakuwaje, nani ataamini kwamba nguvu imekuwa safi, Rand mwenyewe hali yake ikoje. Nakutana na watu wengine kabisa, wako mbali huko, wanahisi nguvu kubwa ajabu inatumika upande fulani wa dunia, wanaulizana ni nini kile, tunahama. Mtu mwingine, siku ile ile, anashangaa kitu kile kile. Perrin, kijana mwingine wa kile kijiji, anamtafuta mkewe Faile aliyetekwa tangu mwisho wa kitabu cha 8 na bado hajampata. Elayne, binti wa malkia, anaoga, anakunywa chai, anagombania kiti cha enzi na wakubwa ambao majina yao yananichanganya. Mat anasafiri na watu wa sarakasi. Rand unamuona kidogo mno. Kurasa zaidi ya 600, nimefunga kitabu nimekaa tu najiuliza hivi kimetokea nini humu.

Naumia kwa kweli. Ni kama rafiki uliyemngojea muda mrefu, anafika, anakaa kwako siku nzima hasemi neno. Je huko mbele inarudi kuwa ile niliyoipenda, au ndo imeisha hivyo?

mzee_wa_riwaya:
Pole mdogo wangu, nakuelewa kuliko unavyodhani. Mimi hicho kitabu nilikisoma kilipotoka, mwaka 2003. Winter's Heart ilikuwa imetoka 2000, kwa hiyo tulikaa zaidi ya miaka miwili tumeishikilia ile picha ya mwisho kichwani, tunabishana, tunakisia, halafu tukapewa hiki ulichokisoma wewe. Na baada yake cha 11 hakikutoka mpaka Oktoba 2005, hapo katikati 2004 ikatoka New Spring ambayo inarudi nyuma kabla ya kitabu cha kwanza. Yaani hadithi kuu ilisimama pale pale karibu miaka mitatu mingine. Wewe cha 11 unaweza kukianza leo hii.

Nimelifikiria sana suala la kwa nini kitabu hiki kinachosha, maana sentensi zake bado ni nzuri na watu wake ni wale wale. Naona shida iko kwenye mpango. Mwandishi aliichukua ile siku ya kusafishwa sumu akaifanya kama nguzo, halafu akalileta kila kundi moja moja mpaka kwenye nguzo hiyo, kutuonyesha kila mmoja alikuwa wapi na aliona nini. Kwenye karatasi wazo linapendeza. Lakini msomaji anajua tayari ile nguvu ilikuwa ya nini, alikuwepo mwenyewe! Sasa wale wanavyoulizana wewe jibu unalo, kilichobaki ni kusubiri na wao wajue, na kitabu kinaisha wengi wao hata hawajajua. Ukijiuliza jambo ambalo hata mhusika anajiuliza mnakuwa pamoja safarini, ila ukishamtangulia na yeye hatembei, hapo ndo uchovu unapoanzia.

Endelea. Cha 11, Knife of Dreams, kinafunguka kwa pambano la panga, kwenye utangulizi tu, nakuambia hilo peke yake.

bintiSura:
Mi nitasimama upande wa kitabu kidogo, mnisamehe. Nakubali kinakwenda polepole na zile sura za Elayne hata mimi zilinishinda mara ya kwanza, ila kusema hakuna kilichotokea hapana. Kaka umepita vipi pale Perrin anapowahoji wale mateka aliowakamata wa Shaido, kabila lililomteka mkewe? Huyu ndiye kijana mpole kuliko wote tangu kitabu cha kwanza, mtu anayefikiri mara mbili kabla ya kufungua mdomo kwa sababu anajua mwili wake mkubwa unaweza kumuumiza mtu bila kukusudia. Tangu mwanzo anahangaika achague shoka au nyundo. Halafu kwa ajili ya Faile anamkata mtu mkono, mtu aliyefungwa, na baada ya hapo anaondoka analiacha shoka lake. Mimi pale niliweka kitabu chini nikakaa kimya. Kumtafuta mkewe kumechukua muda mrefu mno, sawa, ila bila ule muda ile sura isingekuwa na uzito, inabidi uwe umechoka kama yeye ndo uelewe amefikaje pale.

Na Egwene, yule msichana wa kijijini kwao, mwishoni kwenye mnyororo wa bandari ya mji wa Tar Valon? Sisemi zaidi, wewe umeshafika. Kinachotoka pale ndo kitu bora kuliko vyote kwenye hadithi nzima kwa maoni yangu.

kipepeo_09:
Tafuta muhtasari wa sura kwa sura wa hicho kitabu, soma dk 20, ruka nenda cha 11. Wengi tumefanya hivyo.

bintiSura:
Kipepeo ameshakisoma chote huyu, muhtasari wa nini tena 😅 anauliza kuhusu kwenda mbele

nahodha_wa_visiwa:
Naingia na hadithi nyingine kidogo lakini ni jambo hilo hilo linaloniuma. Mimi ni mtu wa Earthsea ya Ursula Le Guin. Vile vitabu vitatu vya mwanzo nilivisoma nikiwa mdogo, cha kwanza ni cha 1968, cha tatu 1972, na Ged alikuwa kila kitu kwangu. Mchawi mkuu, baharia, mtu aliyeshuka mpaka nchi ya wafu akaufunga mlango uliokuwa wazi, na kuufunga kukamla nguvu zake zote. Miaka 18 baadaye, 1990, ikaja Tehanu. Nikaifungua nikitegemea nguvu zake zitarudi. Hazirudi. Anakuja amedhoofika, anaona aibu kuonekana na watu, anakwenda mlimani kuchunga mbuzi. Kitabu chenyewe ni cha Tenar, mjane wa shambani, analea mtoto aliyechomwa moto, anapika, anafua, anaogopa wanaume wanaopita njiani usiku. Nilikichukia. Nilihisi nimenyang'anywa mtu wangu.

Nimekuja kukirudia mtu mzima, nimeshazika watu, nimeshauguza, na kilinishika koo. Yule Ged asiyejua afanye nini na mikono yake baada ya kazi yake kuisha, namfahamu, nimemuona kwa watu ninaowapenda. Kitabu hakikubadilika hata neno.

Kwa hiyo mleta mada mimi nakuuliza, kilichokuuma ni kwamba hadithi imesimama au kwamba imekwenda mahali usipopataka? Maana mimi Tehanu ilinipeleka nisipopataka, na mahali hapo palikuwa na kitu, ilibidi tu nipafikie na mimi. Hadithi ikisimama sidhani kama umri wa msomaji unasaidia. Naungana na mzee hapo juu, kwa maelezo yako naona yako ni ya kusimama.

msomaji_wa_usiku:
Asanteni sana wote, sikutegemea majibu ya namna hii. @nahodha umeniuliza swali gumu, nimelala nalo. Nafikiri ni yote mawili. Imesimama kweli, ila pia mimi nilikuwa namtaka Rand tu, kila sura isiyo yake nilikuwa naiona kama mlango ambao mtu amesimama katikati ananizuia kupita.

Mzee nikuulize kitu kimoja, ni kweli mwandishi alifariki kabla ya kumaliza? Nimeliona jina jingine kwenye jalada la vitabu vya mwisho nikaogopa zaidi.

mzee_wa_riwaya:
Ni kweli. Alitangaza ugonjwa wake 2006, akafariki Septemba 2007. Knife of Dreams ndiyo ya mwisho aliyoimaliza kwa mkono wake mwenyewe. Aliacha maandishi na maelekezo mengi, na mke wake Harriet McDougal, ambaye ndiye alikuwa mhariri wake tangu kitabu cha kwanza, akamchagua Brandon Sanderson amalizie. Vikatoka vitatu, 2009, 2010 na cha mwisho Januari 2013. Utaisikia tofauti ya sauti, Mat hasa mwanzoni anasikika kama mtu mwingine, nakuandaa mapema usije ukaumia tena. Ila watu wako wote watafika.

Na ndo maana cha 11 mimi nakisoma taratibu. Yale yote yaliyokwama unayolalamikia, aliyafungua mwenyewe moja baada ya jingine.

bintiSura:
Na ukimaliza urudi utuambie, mimi nataka kusikia kuhusu Egwene tu 🙏

msomaji_wa_usiku:
Nimerudi baada ya siku nne. Dada bintiSura nimerudia ile sura ya shoka peke yake, polepole. Mara ya kwanza nilikuwa nimeikimbia, hata sikumbuki kama nilisoma kwamba mkono ulikatwa, macho yalikuwa yanatafuta jina la Rand kurasa za mbele. Safari hii nimeisoma mara mbili nikanyamaza.

Jana usiku nimeanza cha 11. Lile pambano la panga nimelimaliza, utangulizi wenyewe bado unaendelea.