Kutafuta katika makumbusho sita kwa pamoja: Solr, Elasticsearch au njia nyingine?

Swali

Ndugu wenzangu, makumbusho sita tumekubaliana kuwa na ukurasa mmoja ambamo mtu ataandika neno mara moja na kuona vitu vya wote. Kila moja ina hifadhidata yake, na mawili kati yake hayawezi kutoa rekodi isipokuwa kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu. Tunavutana kati ya Solr na Elasticsearch, programu mbili za kutafutia, na wapo wanaotaka tusikusanye chochote, bali swali la mtafutaji lipelekwe papo hapo kwa kila seva. Tuanzie wapi?

Jibu la kwanza

Hilo la papo hapo liacheni. Wenye maktaba walilitumia kwa miaka mingi kupitia itifaki ya Z39.50, na udhaifu wake unajulikana: majibu kamili husubiri seva iliyo nzito kuliko zote, na moja ikizimika, mtafutaji hajui kama kitu hakipo au hakikutafutwa. Vuneni rekodi mapema, mziweke katika faharasa moja. Ndivyo ifanyavyo Europeana, tovuti ya urithi wa utamaduni wa Ulaya, tangu 2008, picha kubwa zikibaki kwa wenyewe. OAI-PMH, itifaki ya kuvuna rekodi ambayo toleo lake la 2.0 ni la 2002, hukuruhusu kuomba zile rekodi tu zilizobadilika tangu tarehe fulani.

Jibu la pili

Naafiki. Ama Solr na Elasticsearch, zote zimejengwa juu ya injini ileile ya kutafutia, Lucene; chukueni ile ambayo mtunza seva wenu anaijua. Kazi nzito imo ndani ya rekodi. Tuseme kuna mitungi mitatu inayofanana: mmoja umeandikwa "mtungi, karne ya 19", wa pili "chombo cha maji, 1850?", wa tatu "kauri", na mwaka wake umefichwa katikati ya aya ya maelezo. Anayeandika "mtungi" ataupata mmoja tu. Unganisheni kila jina na namba ya dhana katika istilahi moja, kama Art & Architecture Thesaurus ya Getty, kisha tarehe iwekwe mara mbili: maandishi ya asili kwa msomaji, na mwaka wa mwanzo na wa mwisho, yaani 1801 na 1900, kwa mashine. Ile alama ya kuuliza msiifute, kwani aliyeiweka alikuwa na sababu.

Mwuliza swali

Nashukuru sana. Je, Dublin Core, ule mpangilio wa kawaida wa sehemu za rekodi, itatutosha?

Jibu la tatu

Kwa vitabu, pengine. Ile ya msingi ina sehemu 15 tu, na tarehe ya kutengenezwa kitu huchanganyika kwa urahisi na ya kuingia makumbusho. LIDO, mpangilio wa rekodi za vitu vya makumbusho, hupanga maelezo kwa matukio, kila tukio na mtu wake, mahali pake na wakati wake, na husafiri ndani ya OAI-PMH bila shida. Kwa wale wa CSV, linganisheni namba za rekodi kila mnapopokea faili jipya, kwa sababu CSV haisemi ni kipi kilichoondolewa.