Wauza pikapu acheni kutudanganya na hiyo "inavuta tani tatu na nusu"

Wakuu salaam, leo nina hasira na sitaficha. Nilienda shoruum moja hapa Dar, jina silitaji, nikamwambia kijana wa mauzo waziwazi kwamba nina kijiko (mashine ya kuchimbia) kidogo cha kukodisha, kina tani 2.7, tela lake tupu linakaribia kilo 800, natafuta pikapu ya dabo kebini ya kukitoa Moro kukipeleka Iringa na kukirudisha. Akafungua karatasi, akaweka kidole pale kwenye 3,500, akasema bosi hii inavuta bila wasiwasi. Hakuuliza tela lina breki au halina! Hakuuliza kwenye bodi napakia nini wala ndani wanakaa watu wangapi. Nikamwamini, nikalichukua gari.

Na yule aliyenitengenezea tela akaniapia kabisa kwamba breki za gari zinatosha. Sasa dereva wangu anashuka mlima Kitonga na kijiko mgongoni, breki zikaanza kunuka, mara pedali inazama, akaponea kwa kushusha gia mpaka akapata sehemu ya kuegesha, matairi ya mbele yanafuka moshi. Yule kijana ana mke na watoto. Mimi nikampigia muuzaji, ananijibu eti "dereva wako hajui kuendesha".

Jamani hiyo 3,500 ni ya tela lenye breki zake lenyewe! Tela lisilo na breki mwisho wake kwa hizi Hilux, Ranger na D-Max za dizeli ni kilo 750, imeandikwa kwenye vitabu vyao. Muuzaji anayo hiyo karatasi mkononi, mstari wa 750 upo juu au chini ya huo wa 3,500, kwa nini kidole kinaruka?

Halafu kuna hesabu nyingine hawaigusi kabisa, uzito wa gari na tela kwa pamoja. Chukua dabo kebini ambayo kwa mtengenezaji gari likijaa lisizidi kilo 3,050, na gari pamoja na tela visizidi 5,850. Ukifunga tela la 3,500 gari zima limebakiwa na 2,350, lenyewe tupu na tenki likiwa limejaa linakula kama 2,100, kwa hiyo dereva, utingo, madumu ya dizeli, jeki, minyororo, vyote vigawane kilo 250. Hapo unaambiwa bado unaweza kupakia tani moja nyuma. Tani moja NA tela la tani tatu na nusu kwa wakati mmoja, haipo hiyo wakuu, chagua kimoja.

Na shingo ya tela inatakiwa ikandamize gari kwa kama asilimia 10 ya uzito wa tela, yaani kilo 350 zinaning'inia nyuma kabisa ya ekseli. Ukipunguza kwa kusogeza kijiko nyuma ya tela, ukifika spidi 80 tela linaanza kucheza mkia na gari linafuata. Ukiacha hizo 350 gari linakaa matako chini, ndipo fundi anakwambia ongeza springi au weka mipira ya hewa. Springi inanyanyua gari, haiongezi uwezo wa chesisi hata kilo moja! Kuna dabo kebini nimeiona gereji, ukitazama ule mwanya kati ya kebini na bodi, chini kidole hakipiti na juu kiganja kizima kinapita. Chesisi imepinda. Mwenye gari alikuwa anasifia springi zake.

Mafundi nao! Chuma cha kuvutia tela unakichomelea kwenye bampa? Bampa limeshikwa na bolti za kushikia bampa tu. Kile chuma kinafungwa kwenye chesisi pande zote mbili kwa bolti ngumu, na kiwe na kibati kinachosema kinavuta kilo ngapi, na boli lake (ule mpira wa chuma tela linapofungiwa) liwe la uzito huohuo. Waya za taa za tela mnazikata na kuzifunga selotepu, kwenye gari za siku hizi zenye kompyuta dashibodi nzima inawaka taa za njano, halafu mnasema gari ni bovu.

Anayetaka kununua, akatae kuonyeshwa namba moja. Lazimisha wakupe zote nne, tela lenye breki, lisilo na breki, gari likijaa, na gari na tela kwa pamoja. Otomatiki ulizia kipoza oili ya giaboksi. Matairi yawe ya mzigo, haya laini ya mjini yaacheni. Kisha peleka gari na tela kwenye mizani ya maghala ya nafaka mpime kabla ya safari. Kwangu mimi kwa kazi hii ya kila siku ningepewa Land Cruiser 79 yenye ile 4.2 isiyo na turbo, itapanda Kitonga taratibu, malori yatanipita, sijali, ile chesisi imejengwa kwa kazi.

Gari nimelirudisha shoruum, nimewaandikia barua nataka jibu kwa maandishi. Na mdau anayemjua fundi wa uhakika wa kufunga breki za umeme kwenye tela, pamoja na kile kidude cha kuzirekebisha kinachokaa kwenye kebini, awe Dar au Moro, aje inbox, kijiko kimelala na mteja wa Iringa ananisubiri.