Fundi aliyeniambia "gari zee lazima lilie" atakuja kuua mtu

Wakuu, naandika uzi huu nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Fundi mwenyewe mnamfahamu, ni yule ambaye hupima kila ugonjwa kwa nyundo. Nimempelekea Corolla yangu ya 1998 inayogonga mbele kila ikiingia shimoni, usukani unavuta kushoto na tairi linalika upande wa ndani. Akalipiga tairi teke mbele ya wateja wake wote, akatamka: "Gari zee lazima lilie."

Lazima lilie! Hakupiga jeki. Hakushika gurudumu juu na chini alitikise ili ajue kama bolijointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu, imekufa, wala kushoto na kulia ili agundue kama tairodi endi, ncha ya fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, imelegea. Hakumwomba hata msaidizi akanyage breki, ilhali gurudumu likiacha kucheza hapo, mkosaji ni beringi. Akafunga tairodi endi moja mpya, akarudishia kotapini, pini inayozuia nati isifunguke, ileile iliyochakaa, akanipa ufunguo bila kutaja alaimenti, kana kwamba mtu anaweza kubadilisha tairodi endi na magurudumu yakabaki yameelekea sawa. Nilipomuuliza kuhusu bolijointi ya chini, ambayo ikichomoka gurudumu hulala na gari likakaa chini katikati ya barabara, akarudia mbele ya watu walewale: gari zee lazima lilie. Je, babu akilia kwa maumivu ya goti, tumwache kwa sababu ni mzee?

Suka Mstaafu: Hasira yako ni ya haki, mkuu, lakini mtaa mzima unamkimbia mtu huyo. Ulitarajia nini?

Bushi Mpya: Kwangu alikaza boliti za bushi, ile mipira ya maungio, za mkono wa chini unaoshika gurudumu, gari likiwa bado linaning'inia kwenye jeki. Liliposhushwa bushi zikajipinda, na hazikumaliza msimu wa mvua.

Mama Noah: Afadhali yenu. Mimi niliuziwa shokapu kuukuu zilizofutwa mafuta na kupakwa rangi nyeusi, nikaambiwa ni mpya, na sasa zinavuja zote mbili.

Suka Mstaafu: Za duka la nyuma ya soko? Mama, hata mimi rangi hiyo ilinibaki viganjani! Muuzaji huyo anastahili uzi wake peke yake.

Mama Noah: Ufungue leo, nami nitaweka picha.