Tupeane uzoefu: kiongozi anayesifiwa kwenu, sifa hizo anazistahili?

MWANA BUSIA
Habari zenu ndugu zangu. Niko Busia, upande huu wa Uganda. Juzi tulimzika mzee mmoja jirani yetu. Jeneza liko chini ya turubai, jua linawaka, na mshereheshaji akaanza kusoma bahasha. Mheshimiwa mbunge, laki tano, hakuweza kufika ila yuko nasi katika majonzi: makofi. Mwenyekiti wa LC5, yaani wa wilaya, laki mbili: makofi. Diwani, sukari na mchele: vigelegele, na mama mmoja akainuka kucheza. Maiti ikasubiri sifa ziishe.

Mwenyekiti wetu wa LC1, yaani wa kijiji, alikuwa amesimama nyuma ya watu, ameshika jembe, matope hadi magotini. Huyo ndiye aliyegongewa mlango usiku mzee alipokata roho. Ndiye aliyeandika barua ya kuthibitisha kifo, akaazima turubai, akawakusanya vijana wa kuchimba kaburi. Jina lake halikutajwa.

Zile fedha sizibezi, familia ilizihitaji. Kinachoniuma ni kwamba kwenye kituo cha afya cha gombolola yetu (kata), mama akienda kujifungua huambiwa aje na glovu zake, na hakuna aliyewauliza wenye bahasha habari hiyo. Tumewazoesha kuamini kwamba mchango wa msiba unafuta maswali yote.

Naomba kila mtu alete alichokiona kwa macho yake. Majina tusitaje. Tuambie kiongozi alifanya nini, na kwa fedha za nani.

BINTI KOBOKO
Asante kaka kwa kuanzisha. Kwetu tulikuwa na gari la wagonjwa lenye picha ya mheshimiwa mlangoni, anatabasamu. Siku lilipokuja tuliimba hadi sauti zikakauka, na wazee wakampa mbuzi.

Dada yangu alishikwa na uchungu usiku. Kituo chetu ni cha daraja la tatu, mkunga akaona mtoto amekaa vibaya, akasema apelekwe hospitali upesi. Tukampigia dereva. Akajibu gari lipo ila mafuta hakuna, tutume elfu themanini kwenye simu ndipo awashe. Usiku huo baba alizunguka kwa majirani akichangisha, huyu elfu tano, yule elfu mbili, na dada analia ndani. Mungu ni mwema, alifika na mtoto akatoka salama.

Uchaguzi uliofuata mheshimiwa akashindwa. Gari likaondoka naye, kwa sababu lilikuwa lake. Hapo ndipo wengi kwetu walipofumbuka macho: hatukuwahi kuwa na huduma ya gari la wagonjwa, tulikuwa tumeazimwa hadi siku ya kura.

Sasa nimwelezee diwani wetu wa viti vya wanawake. Nyumba ya mkunga pale kituoni ilikuwa imeezuliwa na upepo, kwa hiyo mkunga alilala mjini na usiku hapakuwa na mtu. Mama huyu kila kikao cha baraza la gombolola alikuwa anauliza jambo lile lile: nyumba ya mkunga iko wapi kwenye bajeti? Wenzake walikuwa wanamcheka, wakambandika jina la utani la Mama Nyumba. Bajeti iliyofuata ikaingia. Mabati yakapigwa, mkunga akahamia. Hakuna nyimbo zilizoimbwa, na sijui kama wanawake wanaojifungua pale usiku wanajua kwamba ni yeye. Nimeandika hapa ili walau ninyi mjue.

BODA WA MBALE
Mimi ni mfupi. Barabara ya kwetu ilikatika kwenye mfereji, abiria wanashuka na kuvuka kwa miguu. Diwani akaja na wapiga picha, akapiga picha na shimo, akaondoka. Tukachanga wenyewe hapo stendi ya boda, tukanunua saruji na kalavati moja. Siku ya kumaliza akarudi na wapiga picha wale wale. Ile picha nimeiona kwenye kalenda yake.

MKAAZI WA KAMPALA
Mimi nasema tuache kabisa kusifu. Mtu anayelipwa kufanya kazi, akiifanya, basi. Mwaka 2023 mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu wa Karamoja yalikutwa kwa wakubwa, na mawaziri wakafikishwa mahakamani. Mwaka 2024 tukasoma kwamba makamishna wanne wa Bunge waligawiwa jumla ya shilingi bilioni 1.7 kwa jina la tuzo ya utumishi. Hao nao kuna mahali walipigiwa vigelegele. Sifa zetu ndizo zinazowapa kiburi.

DIWANI WA ZAMANI, TORORO
Ndugu yangu wa Kampala, nimekusoma na hasira yako naielewa. Niruhusu niseme kutoka upande wa pili, kwa maana nilikaa kwenye kiti hicho.

Kabla jua halijachomoza watu walikuwa wamekaa barazani kwangu. Huyu mtoto amefukuzwa shule kwa ada, huyu ana msiba, huyu anataka nauli ya kwenda Mbale hospitalini, kanisa linajenga na msikiti unapaka rangi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza bajeti imepangwaje. Ukimwambia mtu huna, anaondoka akisema umebadilika tangu upate cheo. Posho ya vikao haitoshi hata robo ya maombi hayo. Basi wengine wanakopa kwa riba, na anayekopa ili atoe zawadi lazima atafute pa kurudishia, na pa kurudishia ni zabuni za gombolola. Nimeona wenzangu walioingia wakiwa watu safi wakaishia hapo.

Na chini yetu hali ni mbaya zaidi. Mwenyekiti wa LC1 alikuwa anapewa shilingi 120,000 kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mwezi! Kuelekea uchaguzi wa 2011 serikali iliahidi baiskeli 70,000 kwa wenyeviti wa vijiji na wa miluka (muluka ni vijiji kadhaa pamoja). Mabilioni yakalipwa, baiskeli hazikuletwa, kesi ikaenda mahakamani. Halafu tunashangaa kwa nini muhuri wake wa barua unauzwa.

Jambo lingine ambalo wananchi hawaelezwi: kodi ya kichwa iliposimamishwa mwaka 2005, wilaya na gombolola zilibaki na mapato yao madogo sana. Fedha nyingi zinashuka kutoka serikali kuu zikiwa tayari zimeandikiwa kazi: hizi za barabara, hizi za shule, hizi za afya. Kwa hiyo ukimsikia mwanasiasa anasema "mimi nimewaletea barabara", jua hakuleta kitu. Greda ni la wilaya, mafuta ni ya kodi yako. Kazi yake halisi ilikuwa kusimama kwenye kikao na kupigania greda lipite kwenye kijiji kilichosahauliwa badala ya kupita kwenye njia ya shamba la mkubwa. Nimewahi kumwona diwani akibishana juu ya kilomita mbili za barabara ya sokoni tangu asubuhi hadi taa zikawashwa, na anajua kabisa mkubwa huyo atamfanyia kampeni chafu. Alishinda kikao, akashindwa uchaguzi. Mtu wa namna hiyo ukimnyima sifa, ndugu yangu wa Kampala, unamfundisha anayemfuata agawe sabuni.

MWANA BUSIA
Mzee wangu wa Tororo, shikamoo. Umegusa ninachokitafuta. Nakubaliana na wa Kampala kwamba tumesifu ovyo, lakini tukinyamaza kabisa tutawapa mwenye bahasha na mwenye jembe heshima sawa. Tuendelee. Mwalimu wa Bombo, najua uko humu, tusaidie.

MWALIMU MSTAAFU, BOMBO
Marahaba, kwa niaba ya mzee mwenzangu pia. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, nitasema ninalolijua.

Miaka ya tisini mwanzoni tulikuwa tukisikia kwamba serikali inatuma ruzuku kwa kila mwanafunzi. Shuleni hatukuona. Chaki tulinunua kwa michango ya wazazi. Mwalimu mkuu wetu alikuwa anakwenda wilayani kuuliza, anarudi mikono mitupu, na viongozi wa huko walikuwa watu wa kusifiwa sana, kila hafla wako mbele. Baadaye utafiti ukafanywa, ikaonekana kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilifikiwa na wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo. Zilizobaki ziliishia njiani.

Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zinazotumwa kila wilaya, na shule zikaagizwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Nakumbuka karatasi yetu ya kwanza, imeandikwa kwa mkono, imebandikwa kwa uji wa muhogo kwenye mlango wa ofisi. Wazazi walikuwa wanasimama kuisoma wakija kuleta watoto, wasiojua kusoma wakawauliza watoto wao. Mzazi mmoja, mchoma mkaa, akaniuliza: hizi zimefika, mbona darasa la tatu wanakaa chini? Swali hilo lilimfanya mwalimu mkuu aitishe mkutano wa wazazi wiki ile ile. Madawati yakatengenezwa. Fedha zilizofika shuleni ziliongezeka sana miaka iliyofuata.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa kiongozi huyu anastahili sifa, natazama kama karatasi yake iko ukutani. Akibandika, hata kama kazi imechelewa, nitamtetea. Asipobandika, hata akijenga, nasubiri kwanza.

Na kuna sifa za woga, tusijifiche. Barua ya LC1 unaihitaji kwa kitambulisho cha taifa, kwa pasipoti, kwa mkopo, kwa kuuza kiwanja. Nani atamsema vibaya mwenye muhuri? Tulikaa tangu 2001 hadi Julai 2018 bila uchaguzi wa LC1, na ulipokuja tukapanga mstari nyuma ya wagombea, kila mtu anamwona jirani yake kasimama wapi. Kijijini kwetu nilimwona mama akihama mstari mara mume wake alipomtazama. Makofi ya mtu kama huyo siyahesabu kuwa imani kwa kiongozi.

NYAMWAMBA, KASESE
Shikamooni wazee. Mwaka 2020 mwezi wa tano mto Nyamwamba ulivunja kingo, ukabeba nyumba, hospitali ya Kilembe ikaharibika vibaya. Tulilala kwenye shule. Misaada ilipoanza kuja, unga, maharage, blanketi, ikahitajika orodha ya kaya zilizoathirika.

Kijiji cha jirani orodha iliandikwa ndani ya nyumba ya kiongozi wao. Ilipotoka, kulikuwa na majina ya watu ambao nyumba zao ziko mlimani, hazikuguswa na tone la maji.

Mwenyekiti wetu alituita sote uwanjani. Akasoma jina moja moja kwa sauti, na baada ya kila jina akauliza: huyu nyumba yake imekwenda? Watu wakajibu. Alipofika kwa shemeji yake, kijana mmoja akasema nyumba ya huyu imeingia maji tu, ukuta umesimama. Mwenyekiti akanyamaza kidogo, akachukua kalamu, akakata. Shemeji yake aliondoka pale kwa hasira na nasikia hadi leo hawasalimiani. Jina la bibi mmoja mjane lilikuwa limesahauliwa, likaongezwa pale pale. Tulimaliza giza likiingia.

Unga wenyewe haukutosha. Lakini hakuna aliyegombana siku ya kugawa, na mimi niliwahi kuona watu wakipigana kwa ajili ya blanketi.

Fedha za PDM, mpango wa serikali wa kukopesha kaya maskini, zilipofika, ile milioni mia moja ya kila muluka kwa mwaka, alitaka tufanye vile vile. Kwingine tunasikia mtu anaombwa atoe kwanza ndipo jina liingie kwenye SACCO, chama cha akiba na mikopo, apate milioni yake. Kwetu orodha ya waliopata ilibandikwa kwenye duka la katikati. Ikachanwa usiku. Akabandika nyingine, akamwomba mwenye duka aiweke ndani ya kioo, pamoja na sabuni na mishumaa.

MKAAZI WA KAMPALA
Dada wa Kasese, huyo na mimi nampigia makofi. Anagombea tena?

NYAMWAMBA, KASESE
Anakataa, kaka. Anasema mke wake amechoka na maneno ya ukweni, na kahawa yake imeota majani kwa sababu ya kazi za watu. Wanawake wa kikundi chetu tumepanga Jumamosi twende tukapalilie lile shamba, halafu tukae naye na mke wake tuwaombe. Mke wake ndiye wa kuanza naye, naona. Kama kuna aliyewahi kumrudisha mwenyekiti mzuri aliyechoka, aniambie mlianzia wapi.

DIWANI WA ZAMANI, TORORO
Mwanangu, anzeni kwa huyo shemeji. Mchukueni mzee mmoja wa ukoo wao mwende naye.