Shule wamemjazia mwanangu "hana ulemavu", halafu wanamchapa kwa kutoona ubao

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyeuweza apite kimya. Mods, naomba msiutupe kule kwenye jukwaa la mahusiano kama mlivyofanya ule wa mwaka jana. Hili ni suala la elimu.

Binti yangu yuko darasa la nne, shule ya serikali hapa Dar. Jina la shule sitaji, bado anasoma pale na fimbo ziko mikononi mwao. Ana ualbino. Kwa msiojua, ualbino si ngozi tu. Macho yake hayana rangi ya kutosha ya kuzuia mwanga, yanachezacheza yenyewe, na ukimkalisha nyuma anachokiona ubaoni ni vumbi la chaki. Kliniki ya macho walinieleza mapema kwamba miwani itamsaidia kidogo lakini haitamfikisha wanapofika wenzake. Mpe kitabu akisogeze mpaka karibu na pua, anasoma vizuri kuliko kaka yake wa la sita. Kwa hiyo shida yetu ni umbali, mwanga na ukubwa wa herufi. Akili anayo.

Sasa sikilizeni ya Ijumaa. Kila wiki wana jaribio, mwalimu anaandika maswali ubaoni, watoto wanakopi na kufanya. Karudi na Hisabati 4 kwa 20, daftari lote jekundu, na kiganja kimevimba. Nikakaa na lile daftari baada ya kuosha vyombo. Swali la kwanza kaandika 536 + 233, jibu 769. Kapigwa kosa. Nikapiga mwenyewe, 769. La tatu, 63 × 4, jibu 252. Kosa. Nikapiga, 252. Nikahisi mimi ndiye nimechanganyikiwa. Nikampigia simu mama wa mtoto wanayekaa naye dawati moja, anisomee maswali kutoka kwenye daftari la mwanawe. Ubaoni palikuwa na 586 + 238. Palikuwa na 68 × 4. Wakuu, kila penye 8 mtoto kaona 3. Maswali kumi na moja kayafanya bila kosa hata moja, ila ni maswali ambayo hakuna mwalimu aliyeyatunga.

Na fimbo? Za kuangalizia. Aliinamia daftari la mwenzake ili azione namba, mwalimu akamtoa mbele ya darasa zima kama mwizi wa kuku.

Jumatatu nikaenda. Nikamwamkia mwalimu mkuu vizuri, nikakaa, nikauliza kwa upole kile kitabu cha adhabu kiko wapi. Maana kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema mwalimu mkuu ndiye anayechapa, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, viboko visizidi vinne na kila adhabu iandikwe kitabuni. Akaniangalia kama nimemwomba hati ya nyumba yake. Kitabu hakuna. Idhini hakuna. "Mama, umekuja kusoma sheria au kujadili maendeleo ya mtoto?"

Haya, tujadili maendeleo. Tangu akiwa la pili nimepeleka barua ya kliniki na maombi matatu. Akae mbele, lakini si upande wa dirisha, maana mwanga ukimpiga usoni ndiyo haoni kabisa. Mwalimu akiandika ubaoni asome kwa sauti anachoandika. Na maswali ya jaribio atolewe kopi ya herufi kubwa. Nikasema kopi nitalipa mimi, steshenari iko nje ya geti pale pale, ukubwa wa A3 ni shilingi mia tano. Najua ruzuku ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka na si yote inayofika shuleni, sikutaka senti yao. Unajua walifanya nini? Walimweka mbele kweli. Dirishani.

Jibu la mwalimu mkuu kuhusu kopi nalinukuu maana nimelikariri: "Nikimfanyia mmoja, hawa wengine mia na kumi na nane watasemaje?" Mama mzima nilikosa la kusema. Watasemaje? Wataendelea kuona ubao, mwalimu!

Kabla sijasahau, kofia. Mwezi wa pili kulikuwa na mgeni kutoka halmashauri. Watoto wamesimamishwa uwanjani tangu saa tatu, mgeni kafika saa tano. Mwalimu wa zamu kamvua binti yangu kofia yake pana kwa sababu sare ya shule haina kofia. Yale mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi nampaka kila asubuhi kabla hatujatoka, lakini mafuta hayashindani na saa mbili za jua la Februari na jasho lake. Shingo na masikio vilibabuka, siku tatu hakuweza kulala chali. Nilipouliza nikaambiwa mgeni angeona hawana nidhamu. Mgeni mwenyewe, nasikia, alikaa kwenye turubai.

Halafu ikaja ile kauli. "Mama, kwa nini usimpeleke kwenye vituo vya wenzake? Kule Shinyanga kuna Buhangija, watamwelewa." Hapo ndipo nilipoacha upole. Watoto wenye ualbino walikusanywa Buhangija miaka ile ya mauaji, kwa sababu kulikuwa na watu wanatembea na mapanga wakitafuta viungo vyao. Walikimbizwa ili wabaki hai. Leo mimi nimtenge mwanangu na mama yake na ndugu zake, nimsafirishe mpaka Shinyanga, kwa sababu mwalimu wa Dar hataki kuhamisha dawati? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida kama mtoto mwingine yeyote. Shule hii iko dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka kwangu. Hatuhami.

Lakini hata hayo yote si ndiyo yaliyonifungulisha uzi.

Baraza la Mitihani lina utaratibu wake miaka yote. Mtahiniwa mwenye uoni hafifu anachapiwa karatasi ya maandishi makubwa, anaongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Sharti ni shule imsajili hivyo. Na Oktoba wana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Kwa hiyo nikajisemea, hawa wa shuleni wamenishinda, angalau siku ya mtihani atapata haki yake. Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma, kijana mmoja mstaarabu tu, akafungua kompyuta akaniangalizia. Kipengele cha ulemavu kimejazwa: HANA.

HANA! Mtoto ambaye konda wa daladala anamjua kwa rangi akiwa mita hamsini! Nikamuuliza kijana, huyu aliyejaza alikuwa amefumba macho? Akashusha sauti, akasema ukijaza "anao" wanakutaka viambatanisho, na wakati ule orodha ilikuwa inadaiwa kesho yake asubuhi. Yaani barua ya kliniki, niliyoipeleka kwa mkono wangu, iko kwenye faili hatua sita kutoka kwenye hiyo kompyuta, na hakuna aliyenyanyuka kuichukua.

Nimekwenda kwa afisa elimu kata, akasema andika barua. Nimeandika. Ya kwanza haionekani, hakuna anayekumbuka kuipokea. (Wazazi wenzangu, pelekeni nakala mbili kila mara na mgome kuondoka mpaka nakala yenu igongwe muhuri na tarehe. Mimi nimelijua hilo kwa kuchelewa.) Wilayani, yule mama wa elimu maalumu ndiye mtu pekee aliyenisikiliza mpaka mwisho na akamuuliza mtoto mwenyewe, "Wewe ukikaa wapi unaona?" Lakini yuko peke yake, ana meza na kiti, na kata zote ni zake. Aliniambia atakuja shuleni akipata usafiri. Simlaumu.

Na mwalimu wa darasa, nikiwa mkweli, hasira zangu kwake zina mpaka. Watoto mia na kumi na tisa, madirisha mawili, sauti imekauka ikifika saa sita. Asingepata muda wa kumwandikia binti yangu kila kitu. Lakini kusoma namba kwa sauti unapoziandika, hilo nalo linataka bajeti? Wangefaidi hata wale wa nyuma kabisa wanaokaa chini.

Baba yake ananiambia nipunguze jazba, watamfanyia visa mtoto. Mama mkwe kasema tumwachie Mungu. Binti mwenyewe jana kaniuliza kama anaweza kuacha kuandika namba nane kabisa, atumie nyingine.

Jumatatu saa moja na nusu niko pale tena, na barua yenye muhuri na kopi ya lile daftari, maswali ya ubaoni upande mmoja, ya kwake upande wa pili. Ninachowaomba ni kimoja: aliyewahi kurekebishiwa taarifa za mtahiniwa baada ya usajili kufungwa, ulianzia wapi? Shule, halmashauri, au Baraza moja kwa moja? Na kama wewe ni mwalimu na umeshajaza fomu ile, hivyo viambatanisho ni vipi hasa, barua ya hospitali ya wilaya inatosha au wanataka daktari bingwa? Nijibuni hapa hapa kwenye uzi, PM zimejaa watu wanaoniuzia dawa ya macho.