Eti "leta maiti kwanza"! Yule bwana wa nyanya kanidhalilisha mbele ya wakwe zangu

Wakuu, mikono inatetemeka. Ndiyo kwanza natoka kikaoni hapa Uyole. Yule bwana mnamjua wote, mwenye sauti ya mashine ya kusaga. Nimeuliza swali moja tu: nyanya zimepigwa dawa ya ukungu jana jioni, alfajiri zimo kwenye matenga zinaelekea Dar, nyeupe kama zimepakwa chokaa. Zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti zimekwenda wapi? Akasimama, akacheka hadi mabati yakalia: "Mama, leta maiti kwanza ndio tuongee sumu."

LETA MAITI! Na watu wakapiga makofi!

Mahakama hazisubiri maiti. Kampuni ya dawa ya Pfizer walikwenda mahakama ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg kupinga Umoja huo kukataza virginiamaisini, antibiotiki ya kuchanganya kwenye chakula cha mifugo. Hoja yao ilikuwa kwamba ushahidi haujatimia. Mwaka 2002 wakashindwa. Majaji walisema dhana tupu haitoshi, ila utafiti wa kueleweka ukishaonyesha hatari, hakuna haja ya kungoja madhara yatokee. Na kwetu Tanzania kanuni hiyo ya kutongoja madhara, yaani kanuni ya tahadhari, imo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Halafu mtu ananiambia leta maiti! Mbele ya baba mkwe!

Kijana_wa_Iyunga: Dada, umekwenda kikao cha mtaa na kesi ya Luxembourg? Ungecheka nao tu yaishe.

Tenga_Ilula: Tukisubiri hizo siku, dalali anapita anakwenda shamba la jirani. Nyanya zikioza utazinunua wewe?

Mla_Kande: Mimi naosha kwa maji ya chumvi, nakula, na nipo.

Mwenye uzi: Unaosha ganda, iliyoingia ndani je? Na hamjanielewa, kasema MAITI!

Viazi_Njombe: Nyanya zina nafuu. Njooni muone lumbesa. Gunia linabeba kilemba juu kama bibi harusi, unalipwa bei ya gunia moja.

Kijana_wa_Iyunga: Hapo mkuu umegusa donda. Mizani ipo, nani anapima?

Isongole_Kwetu: Juzi nimeshonewa lumbesa mbele ya macho yangu, nikihoji wananiambia nikauze Malawi.

Tenga_Ilula: Hahaha! Wana midomo hao.

Mwenye uzi: Jamani, uzi ni wa sumu kwenye nyanya.

Viazi_Njombe: Isongole, gunia huko linakwendaje leo?